Magadi Kijiko Kimoja

Ninyi mnaopika huku simu imeegemea kopo la chumvi, hebu iwekeni pembeni kidogo mnisikilize. Nimepika miaka thelathini na kitu katika hosteli ya wageni mjini Moshi, nikastaafu, nikarudi nyumbani Machame, na mpaka leo napika kila siku. Katika miaka yote hiyo hakuna kilichonichosha kama maandishi ya chakula. Chakula chenyewe hakijawahi kunikosea. Wanaokiandika ndio wenye matatizo.

Someni wenyewe. "Chukua ndizi mbichi nne." Ndizi zipi? Kwenye kihamba changu tu, yaani shamba la migomba la nyumbani, zipo aina sita, na ukipika mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, kwa ndizi za kutengenezea pombe utakula kwa imani. Mtori unataka mshare, lakini kitabu hakisemi. "Pika mpaka ziive." Kama ningejua zinaiva lini, ningenunua kitabu cha nini? "Chemsha maharage dakika arobaini na tano." Aliyeandika hivyo anakaa pwani. Huku juu mlimani maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, yanakudanganya kwa mapovu, na maharage yanabaki kokoto. Weka saa mbili, na uyaloweke tangu jana.

Halafu wapo wale wanaonimaliza kabisa. Kabla hawajakuambia ukate kitunguu, wanakusimulia ukurasa mzima jinsi harufu ya kitunguu ilivyowarudisha utotoni. Jamani, mimi nina sufuria motoni! Niambie kitunguu kimoja au viwili, utoto wako utanisimulia tukishakula.

Msidhani nasema hivi kwa sababu sikusoma. Nilipewa kazi hosteli kwa sababu nilijua kusoma. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mpishi mkuu, Mzee Yohane, alikuwa amejifunzia jikoni kwa walowezi wa mashamba ya kahawa, na hakujua hata herufi moja. Mkuu wa hosteli akatuletea kitabu kinene cha mapishi ya Ulaya, akasema wageni wanataka keki. Mimi nisome, Mzee Yohane apike.

Kitabu kikasema sukari kikombe kimoja. Nikamsomea.

"Kikombe kipi?" akauliza.

Nami, kwa ujeuri wa msichana aliyetoka shule, nikamjibu, "Mzee, kikombe ni kikombe."

Hakubishana. Akanyoosha mkono, akachukua kilichokuwa karibu, kile kikombe kikubwa cha bati tulichokuwa tukiwapa wapagazi uji. Unga tukaupima kwa kikombe cha chai. Keki ikatoka inang'aa kama imepakwa gundi. Mchungaji mmoja mgeni alichomeka kisu, kisu kikagoma kutoka, akabaki ameshika mpini huku anatabasamu kwa adabu.

Mzee Yohane hakunigombeza. Siku ya pili nilimkuta anafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe kimoja cha chai. "Hiki ndicho kikombe cha kitabu," akasema. "Asikinywee mtu." Kikombe kile tulikitumia mpaka mkono ukakatika.

Ni yeye aliyenifundisha oveni ya kuni. Kitabu kilikuwa kimeandika "moto wa wastani", kana kwamba moto una cheo. Mzee Yohane alikuwa anaingiza mkono ndani ya oveni na kuhesabu polepole. Akifika kumi kabla ya kuutoa, keki iingie. Akifika sita, mkate. Akishindwa kufika nne, tunafungua mlango tunasubiri. Mkono wake wa kulia haukuwa na nywele hata moja. Mpaka leo sijaona kitabu kilichoandika jambo hilo, na lilikuwa na faida kuliko kurasa zote za yule mkuu wetu.

Basi mimi nikatoka pale na imani moja: upishi uko mkononi na kwenye ulimi, na anayeuliza vijiko hajui kazi. Niliibeba imani hiyo mpaka uzeeni. Sasa nije kwa Glory.

Glory ni binti wa mtu wa Machame, lakini alizaliwa na kukulia Dar, na Kichagga anachokijua ni "aika" peke yake, yaani asante. Alikuwa anaandika kitabu cha vyakula vya Kilimanjaro. Akina mama wa kanisani wakamwelekeza kwangu, akaja na begi, mzani mdogo wa betri, daftari na simu mbili. Akapiga shikamoo vizuri, akakaa siku tatu. Mtoto mwenye adabu, sina la kusema hapo. Ila maswali!

"Bibi, chumvi vijiko vingapi?"

"Kiasi."

"Kiasi ni ngapi?"

"Kiasi ni kiasi. Tazama mkono wangu."

"Nautazama, Bibi, lakini msomaji wa Mwanza hauoni."

Nikikata nyama, anapima. Nikimenya ndizi, anapima maganda. Nikitaka kutia chumvi ananishika kiwiko, anaweka kopo kwenye mzani, anasoma, ananiachia nitie, anaweka tena. Mkwe wangu Eliwaza, mke wa mwanangu mkubwa, ambaye ninaishi naye, alikuwa anatoka nje kucheka kisha anarudi na uso wa msiba.

Siku ya tatu tulipika kiburu. Kwa msiojua, kiburu ni ndizi na maharage, vinapikwa pamoja kwa magadi, kisha unavuruga kwa mwiko mpaka vishikane. Siri yote iko kwenye magadi. Magadi ni jiwe. Unavunja kipande kama punje ya mahindi, unaloweka kwenye nusu kikombe cha maji, unaacha yatulie, taka zinakaa chini, unatia yale maji ya juu peke yake. Magadi yenyewe hayaingii chunguni. Yakiingia, umepika sabuni.

Siku hiyo mvua ilikuwa inakuja, kahawa yangu iko nje kwenye kichanja, ng'ombe analia hajakamuliwa, na Glory yuko nyuma yangu anauliza kwa mara ya nne habari ya magadi. Kwa kweli sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kukimbia na turubai.

Akaaga, akaenda. Baada ya mwaka na kitu kitabu kikafika. Karatasi ya kung'aa, kizito kama tofali, na ukurasa mzima nimo mimi nimeinamia chungu. Eliwaza akanisomea: "Bibi alitazama moshi ukipanda kuelekea theluji, machozi ya kumbukumbu yakamtiririka." Kuni zilikuwa mbichi! Ndiyo sababu nililia! Na kutoka jikoni kwangu mlima hauonekani. Kinachoonekana ni zizi. Kwenye kikundi cha akina mama wakaanza kuniita Machozi ya Kumbukumbu. Nikakichukua kitabu nikakiweka juu ya kabati, sikutaka kukiona.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea.

Jirani yangu Mama Elia ana mkwe anaitwa Rehema, msichana wa Kahe kule chini. Kahe wanapika wali na ugali, ndizi zetu hizi hakuzijua. Alikuwa ameolewa miezi michache tu, na mawifi zake watatu, mabinti wa Mama Elia waliohamia Bomang'ombe, walikuwa wamekwisha kusema wazi kwamba kaka yao ameoa asiyejua kupika. Rehema akasikia. Akanunua kile kitabu kwa siri. Siku mawifi walipokuja kumtembelea mama yao, akawaambia wakae, leo anapika yeye.

Mimi nilisikia kelele tu kuvuka mpaka wa kihamba. Kicheko kwanza, halafu mtu anatapika nyuma ya nyumba, halafu sauti ya wifi mkubwa: "Huyu anataka kutufulia matumbo!" Mchana huohuo nikamwona Rehema anapita njiani na begi mkononi, kitenge kimefungwa ovyo, anateremka kuelekea barabarani. Nikatoka.

"Rehema, unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nyumbani ni huku juu."

Akaweka begi chini akaanza kulia. Sikumwelewa mpaka alipofungua zipu akatoa kitabu. Kilikuwa na madoa ya mafuta, amekisoma mpaka kimelegea. Akakifungua penye picha yangu.

"Nimefuata kitabu chako, Bibi. Neno kwa neno."

Nikavaa miwani. Na kweli ilikuwa imeandikwa, kwa herufi nzuri kabisa: magadi, kijiko kimoja. Hakuna maji. Hakuna kuloweka. Msichana wa watu amesaga jiwe, amejaza kijiko, amemwaga kwenye chungu, huku mimi namtazama kutoka kwenye picha.

Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakapiga kelele. Nikamwingiza Rehema ndani, nikamwambia Eliwaza ampe chai, nikampigia Glory simu. Sitawaambia yote niliyosema. Nilimwambia amenidhalilisha, ameivunja nyumba ya mtu, na kwamba siku nyingine akaandike habari za mboga za makopo. Nikaishiwa pumzi.

"Bibi," akasema, "naomba nikutumie kitu. Usinikasirikie tena, sikiliza tu."

Akatuma sauti. Eliwaza akaifungua, tukasikiliza sote watatu pale mezani. Mvua inasikika kwenye mabati. Ng'ombe anasikika. Sauti ya Glory inauliza taratibu, "Bibi, magadi basi, niandike nini?" Kisha inatoka sauti ya mwanamke mkali, mkali mno, sikutegemea kama ni mkali hivyo: "Andika kijiko kimoja, mama wewe, uniache nianue kahawa!"

Eliwaza akatazama dirishani. Rehema akatazama kikombe chake. Ninyi vijana mnapenda kusema umri unaleta hekima. Mimi nilikaa pale na umri wangu wote, nikaona aibu kama mtoto aliyekojoa kitandani kwa wageni. Nilikuwa nimemaanisha kijiko cha maji ya magadi. Lakini sikusema maji. Yule mtoto aliandika nilichosema.

Nikajifunga kitenge changu kizuri, nikamshika Rehema mkono, tukapanda kwa Mama Elia. Mawifi walikuwa bado wapo, wamekaa barazani na maji ya limao. Nikawaambia, "Mmekula chakula changu. Kosa lililoko tumboni mwenu nimelisema mimi kwa mdomo wangu, likaandikwa, na huyu akalitii. Kama kuna wa kurudishwa kwao, nirudisheni mimi."

Wifi mkubwa akasema, "Bibi, wewe utarudishwa wapi, kwenu si hapo chini, nyuma ya migomba?"

Mama Elia akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kwa mama yule kucheka ni jambo la nadra. Akamwambia Rehema, "Weka begi ndani, mwanangu." Hiyo "mwanangu" mawifi wote watatu waliisikia.

Jioni hiyohiyo nikampigia Glory tena. Kuomba radhi kwa mtoto wa umri wa mjukuu wako si rahisi, lakini nikaomba. Akaniambia kitabu kitachapwa mara ya pili, na kama nipo tayari, atarudi tupime kila kitu upya, mimi nikiwa nimetulia.

Akaja. Mzani uleule, daftari lilelile. Nikajikaza. Kila alichouliza nikajibu. Maji ya magadi yakawa vijiko viwili vikubwa kwa sufuria ya watu sita, na siku ya kwanza tukapika kiburu kikatoka kama kinavyotakiwa. Nikaona kumbe kazi yenyewe si ngumu hivyo, ni mimi nilikuwa mgumu.

Siku ya pili tukapika mtori. Mifupa ya ng'ombe, mshare, kitunguu, nyanya kidogo, na siagi ya nyumbani mwishoni. Nikatia chumvi kwa mkono, Glory akapima kopo, akaandika. Kisha akarudisha kurasa nyuma. Akatazama. Akapima tena.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, Bibi."

"Glory, mimi nimekaa jikoni na watu wazima maisha yangu yote. Hiyo 'hamna kitu' naijua."

Akanigeuzia daftari. Safari ile ya kwanza, kwa mtori wa kiasi kilekile, mkono wangu ulikuwa umetia chumvi kiasi kinachoandikwa kijiko kimoja cha chai. Leo umetia karibu viwili. Nikasema mzani umeharibika. Akapima mfuko wa sukari ambao haujafunguliwa, ukawa sawasawa na ilivyoandikwa kwenye mfuko. Nikachota mtori, nikaonja. Kwangu ulikuwa mtamu. Kwangu ulikuwa hata unahitaji kidogo tena.

Nikamgeukia Eliwaza. Alikuwa ameshika taulo la sahani analikunja, analikunjua.

"Eliwaza, umezidi chumvi?"

Akalikunja tena.

"Nimekuuliza."

"Umezidi, Mama." Akasema polepole sana. "Tangu mwaka jana. Ukitoka kwenda kwa ng'ombe tunaongeza maji. Saa nyingine naongeza ndizi."

"Na mume wako anajua?"

"Watoto pia wanajua, Mama."

Ninawaambia jambo hili bila kulipamba. Kustaafu hakukuniuma vile. Siku ya kuagwa hosteli nilicheza, nikala keki. Lakini pale jikoni kwangu, nilipoambiwa kwamba ulimi wangu umezeeka, na kwamba nyumba nzima imekuwa ikinificha mwaka mzima kwa upendo, nilivua aproni nikatoka nikaenda kukaa kwa ng'ombe. Nikamkasirikia Eliwaza kwa kunificha. Nikamkasirikia Glory na mzani wake. Nikaukasirikia huu ulimi, ambao sikuwahi kuukosea.

Eliwaza akanifuata. Hakusema pole. Alisema, "Mama, mimi najua kuonja. Sijui kuunga. Nilikuwa naogopa ukijua utaacha kupika, na mimi mtori wako siuwezi."

Tukarudi ndani. Tukaumwaga mtori ule kwenye sufuria kubwa, tukaongeza ndizi na mchuzi wa mifupa mpaka ukakaa sawa, tukawapelekea majirani. Kisha tukapika mwingine kuanzia mwanzo. Safari hii Glory aliuliza, mimi nikajibu, na chumvi ikatiwa kwa kijiko.

Bado vitabu vinaniudhi, msifikiri nimeokoka. Kile cha Glory kilipochapwa tena nilimwambia atoe machozi ya kumbukumbu. Akatoa, akaweka kwamba "Bibi ana macho makali kama tai." Sina macho makali. Nina miwani yenye skrubu iliyolegea. Herufi zake ni ndogo, karatasi inateleza ukiwa na mafuta mkononi, na mapishi ya kiburu ameyagawa kurasa mbili, kwa hiyo katikati ya kuvuruga lazima ufungue ukurasa kwa kiwiko. Lakini mle ndani ipo chumvi ya mkono wangu wa zamani, ule uliokuwa sahihi, na hakuna mahali pengine ilipobaki. Aliipima mtoto niliyemwona msumbufu.

Krismasi iliyopita walikuja wote, kutoka Dar, kutoka Arusha, magari yamejaa hadi kwenye migomba. Nilipika mtori wa watu ishirini na watatu. Nikafungua kitabu, nikasoma maneno yangu mwenyewe, nikazidisha, nikapima kwa kijiko. Nilipomaliza nikachota kidogo kwenye kikombe, nikampa Eliwaza. Jikoni kwangu hakuna aliyewahi kuonja kabla yangu. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza, akaonja, akafumba macho.

"Umekaa, Mama."

Sikuonja tena. Nikasema upakuliwe. Nikavuta kigoda mlangoni nikawatazama wakila, mwanangu mkubwa, watoto wake, wale wa mjini na simu zao. Walikula, wakarudia, wakakomba chungu, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kwenda kutafuta maji.